UZI: Miwaridi mifupi ya damu ya mzee kwenye kiwanja kidogo, Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Mama Miche (Isyesye, Mbeya)

Wakuu, salamu. Kwenye ule uzi wa maua ya mbele ya nyumba wengi mmeniuliza kuhusu miwaridi yangu mifupi, ile ya damu ya mzee, na majibu yakawa yanapotelea katikati ya mabishano ya pevingi na ukoka. Nimeona niifungulie uzi wake. Wenye uzoefu karibuni mnisahihishe.

Nianze na jambo ambalo likieleweka, mengine yanakuwa mepesi. Mwaridi mfupi haufanywi mfupi kwa mkasi. Unazaliwa mfupi. Hapa mjini wengi tuna ile yenye asili ya maua ya kukata, yale ya mashada ya harusi. Ile ilichaguliwa ili itoe bua moja refu lililonyooka na ua moja juu yake. Ukiipunguza hadi magotini inajikusanya, inarusha tena bua la mita na zaidi, ua linachanulia usawa wa dirisha na chini panabaki miti mitupu yenye miiba. Kila ukikata unaichelewesha kuchanua, halafu kimo kinarudi pale pale. Kwenye uwanja wa familia, penye kamba ya nguo, tenki la maji, kuku wawili watatu na watoto wa kupiga mpira, mwaridi wa namna hiyo ni ugomvi wa kila wiki.

Ule mfupi wa kweli utaujua kwa kutazama nafasi kati ya jani na jani kwenye tawi lililokomaa. Majani yamesogeleana, matawi mengi yanatoka chini karibu na udongo, na maua yanakuja kwa vichala. Ukishakomaa unasimama kati ya sentimita 45 na 80 hivi, unajaa pembeni kuliko kwenda juu. Na msidanganyike na urefu wa mche kwenye kiriba. Mwaridi mrefu nao ukiwa mchanga ni mfupi. Mwambie muuzaji akuonyeshe shina mama alikokata. Kama hana, au anakwambia "huu haukui", shika hela yako.

Sasa rangi. Damu ya mzee ni rangi inayotusaidia na kututesa sisi wa huku juu. Baridi ya Juni na Julai inaikoleza mpaka tumba linakaribia weusi, na ua linakaa siku nyingi mtini. Lakini petali iliyokolea inafyonza joto, na huku mita 1,700 jua la saa nane lina makali hata kama umevaa sweta. Ndiyo maana mnaona kingo za ua zimekauka nyeusi mkadhani ni ugonjwa. Ni jua. Panda upande wa mashariki wa nyumba, ule unaopata jua tangu asubuhi mpaka saa saba au saa nane, kisha kivuli cha ukuta kinafika. Zisipungue saa sita za jua. Chini ya hapo mwaridi unarefuka kutafuta mwanga, hata huu mfupi, na maua yanakuwa machache.

Usibanane na ukuta. Toka nusu mita au zaidi. Chini ya bati kuna michirizi ya mvua inayochimbua mizizi, na kwa nyumba mpya kama hizi zetu za Isyesye, chini ya ukuta kuna kifusi cha saruji. Chokaa ya kile kifusi inazuia mmea kupata madini ya chuma. Majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, na ukiongeza mbolea hayabadiliki. Ondoa kifusi, leta udongo mwingine.

Shimo langu ni sentimita 40 kwenda chini na 40 upana, udongo wa juu nachanganya na samadi iliyooza kabisa, shina hadi shina sentimita 50 mpaka 60. Baada ya hapo matandazo. Karibuni.

Kijana wa Kabwe

Shikamoo mama. Mimi nilinunua barabarani, nikaambiwa ni ile fupi ya kwenye chungu. Sasa hivi iko kifuani kwangu na mimi si mfupi. Nimepigwa?

Mama Miche

Marahaba mwanangu. Pole. Usiing'oe, ihamishie kwenye uzio, ifunge kwenye waya, itakupa maua ya mezani. Ila kabla ya kumlaumu muuzaji, angalia hilo bua lililorefuka linatokea wapi. Kama linatoka chini kabisa kwenye udongo na majani yake hayafanani na mengine, habari ni tofauti. Fundi wa Iringa atueleze, nimemwona yupo mtandaoni.

Fundi wa Kihesa (Iringa)

Kamwene, dada. Nipo.

Miche mingi ya dukani na ya vitaluni imebebeshwa. Chini kuna shina la mwaridi mwingine wenye mizizi migumu, juu kuna ua ulilolipia. Kwa ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki shina la chini linalotumika sana kwenye mashamba ya maua ni Natal Briar. Lile shina la chini halijakubali kufa. Likipata nafasi linatoa chipukizi lake, tena lenye nguvu kuliko la juu, na baada ya misimu michache limekula mmea wote. Mwenye mwaridi analalamika maua yamebadilika rangi. Hayajabadilika, ule mwaridi wake umeshakufa na anaoumwagilia maji ni mwingine.

Kijana, fukua udongo taratibu mpaka uone pale penye uvimbe, ndipo ulipobebeshwa. Kinachotoka chini ya uvimbe ni cha kuondoa. Usikate kwa mkasi, maana utabakiza macho, yale ya kuchipulia, na yatachipua mawili. Shika kwa glovu, vuta kuelekea chini king'oke na kisigino chake.

Pia kuna mchezo mwingine wa ile miwaridi ya kwenye vyungu vidogo. Kwenye chungu kimoja mara nyingi kuna vipandikizi vitatu au vinne vimebananishwa ili kionekane kimejaa, na vitalu vingine hutumia dawa ya kudumaza. Ukiupanda ardhini dawa ikiisha, unanyoosha miguu. Kwa hiyo hata ule ulioonekana mfupi dukani subiri uone msimu wa pili.

Kwa bustani ya nyumbani mimi nasema chukua kipandikizi cha mwaridi unaoujua, uliouona kwa macho yako umekaa kwa mtu miaka na bado ni mfupi. Unaota kwa mizizi yake wenyewe, hauna cha kukugeuka.

Mzee wa Mbalizi

Mnaniacha hoi. Kiwanja chenyewe hatua ishirini kwa hatua thelathini, nyumba imeshakula nusu, mtu anapanda miiba. Pandeni chainizi, mchicha, vitunguu. Waridi halichemki sufuriani.

Mama Miche

Shikamoo baba. Chainizi zangu zipo nyuma ya jiko na hazijalalamika. Miwaridi minne mifupi inakaa kwenye kipande cha mita mbili kwa moja, pembeni ya baraza, pale ambapo hata mchicha haukubali kwa sababu kuku hawatoki. Miiba inawashinda kuku.

Mzee wa Mbalizi

Marahaba. Hapo kwa kuku umenipata.

Mvua za Tukuyu (Rungwe)

Ndaga fijo kwa uzi huu. Swali langu ni la sisi tunaoishi chini ya maji. Huku Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na mwaridi wangu mwekundu ukifika Machi umebaki vijiti. Majani yanapata madoa meusi, yanageuka njano, yanadondoka yote kuanzia chini. Jirani kaniambia ni ubwiri unga nipige salfa. Nimepiga, sioni tofauti.

Fundi wa Kihesa

Jirani amechanganya magonjwa mawili, na hapa ndipo hela nyingi za watu zinapotelea kwenye maduka ya pembejeo. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Ulichonacho ni madoa meusi. Doa ni la duara, kingo zake kama zimechanika, jani linakuwa njano kulizunguka, kisha linaanguka. Ukungu huo unahitaji maji juu ya jani. Mbegu zake zikikaa kwenye jani lililolowa kwa saa saba hivi mfululizo, zimeshaingia. Kwa hiyo Tukuyu, penye manyunyu kuanzia jioni mpaka asubuhi, umeuandalia chakula na malazi. Zinasambaa kwa matone yanayoruka kutoka kwenye majani yaliyooza chini ya shina.

Ubwiri unga ni tofauti. Ule ni unga mweupe kwenye majani machanga na shingo ya tumba, majani yanajikunja, tumba linashindwa kufunguka vizuri. Wenyewe hauhitaji jani lililolowa, na maji yakitiririka juu ya jani yanauvuruga. Unapenda usiku wa baridi wenye unyevu hewani na mchana mkavu wa jua. Ni hali ya hewa ya Mbeya, Iringa na Njombe baada ya masika, kuanzia Mei. Kwa huo salfa ni sawa, ile ile ya unga wanayoitumia wenzetu wa Mtwara kwenye mikorosho. Piga asubuhi au jioni, jua kali likikuta salfa kwenye jani linaungua.

Kwa madoa meusi kazi kubwa si dawa. Okota kila jani lililoanguka, uchome au ufukie mbali, usilitie kwenye mboji. Badilisha matandazo mvua zikianza, ili matone yasirushe ya zamani. Fungua katikati ya shina upepo upite, jani likauke upesi. Hapo mwaridi mfupi una hasara yake, lazima tuseme ukweli: matawi yake yamesongamana na majani ya chini yako karibu na udongo, kwa hiyo unashikwa mapema kuliko ule mrefu. Usiupande kwenye kona isiyopita upepo. Baada ya yote hayo, dawa za ukungu za kopa au mankozebu zinasaidia kama kinga, kabla doa halijatokea. Doa lililokwisha tokea halifutiki.

Mvua za Tukuyu

Kumbe nilikuwa napigia ugonjwa usiokuwepo. Nikiuhamishia barazani kwenye ndoo, chini ya bati?

Mama Miche

Hilo ndilo suluhisho la Tukuyu, mdogo wangu, na ndilo linalofanya huu mfupi ufae kuliko mwingine wowote. Ndoo ya rangi ya lita 20 inautosha. Toboa matundu ya kutosha chini na mengine ubavuni karibu na kitako, weka kokoto, kisha udongo mwepesi. Iweke pale jua linapofika lakini mvua haifiki. Shida ni kumwagilia, maana sasa hata masika wewe ndiye mvua yake. Na ndoo nyeusi zinachemka juani, tafuta nyeupe.

Mwalimu wa Ramani

Kwenye udongo naomba niongeze neno. Sehemu kubwa ya udongo wa Rungwe na Mbeya ni majivu na mawe mepesi yaliyotoka kwenye milima yetu, Rungwe na Ngozi. Rungwe ulilipuka kwa kishindo takriban miaka 4,000 iliyopita, na yale mawe yenye matundu ambayo mnayakuta mkichimba choo ni masalia yake. Yaponde, yachanganye kwenye ndoo ya mwaridi. Yanapitisha maji na hewa, na hayaozi. Watu wananunua vitu vya namna hiyo madukani kwa bei ya ajabu na sisi tunavitupa korongoni.

Ila penye mawe hayo mengi udongo huo haushiki maji. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, unakauka upesi sana. Pumba za mpunga kutoka Usangu au maganda ya kahawa ya Mbozi, tandika unene wa vidole vinne, usiguse shina.

Njombe Baridi

Maganda ya kahawa yasiwe mabichi, yanachemka yakioza.

Huku Njombe udongo wetu ni mchachu. Mwaridi unataka uchachu kidogo tu, kipimo cha pH 6 hadi 6.5. Ukiwa chini sana ya hapo mbolea unayoweka haichukuliwi. Tunatia chokaa ya kilimo kabla ya kupanda, na majivu ya jikoni kidogo kidogo. Wa Isyesye wenye kifusi msije mkatia chokaa juu ya chokaa.

Na umande ukiganda? Mwaka jana asubuhi moja tumeamka bustani nyeupe.

Fundi wa Kihesa

Mwaridi hauogopi huo umande. Ni mmea wa nchi za theluji. Utapoteza machipukizi mororo, shina lipo. Usikimbilie kukata yaliyoungua, yaache yakinge mengine mpaka baridi iishe. Na huko kwenu kwenye umande wa kuganda, Mei usiweke mbolea ya kukuzia, maana itakuletea machipukizi mororo yakutane na Juni.

Msafwa Ughaibuni

Nawasoma kutoka Ujerumani, roho inatamani nyumbani. Huku kuna mmoja unaitwa Lavaglut, wa kampuni ya Kordes, ulitoka mwaka 1978. Mwekundu uliokolea kabisa, vichala, hauvuki sentimita 60 au 70, na jua haliuchomi sana. Wa Uholanzi wana Europeana wa 1963, nao damu ya mzee hasa. Wamarekani wana Knock Out wa mwaka 2000 ambao madoa meusi hayausumbui sana, ila wekundu wake ni wa cheri, na unarefuka kuliko nilioutaja. Nilikuwa nafikiri nije na vijiti kwenye begi Desemba.

Mama Miche

Kaka, begi acha. Miche na vipandikizi haviingii nchini bila kibali na cheti cha afya ya mimea, na kuna sababu. Ukituletea ugonjwa mpya wa waridi huenda umeuleta kwa matufaha ya Njombe na mapichi ya Makete pia, hizo ni ndugu wa ukoo mmoja na waridi. Tuletee picha.

Kwa majina, huku kwetu hayapo. Muuzaji atakwambia "rozi nyekundu" basi. Ndiyo maana nasisitiza kutazama shina.

Bint Soweto

Habari zenu. Mume wangu aliniletea shada Februari, mekundu meusi mazuri sana. Nimekata vijiti nikachomeka kwenye viazi kama nilivyoona video. Vimeoza vyote pamoja na viazi.

Kijana wa Kabwe

Viazi vya Uporoto vimekosa nini jamani.

Mama Miche

Kiazi hakisaidii chochote, kinaoza na kuozesha. Na vijiti vya shada vimeshakaa kwenye ubaridi na kusafirishwa, nguvu imekwisha. Hata kikikubali kimoja, utapata ule wa bua refu, turudi kwa Kijana wa Kabwe.

Fanya hivi. Tafuta tawi ambalo ua lake limetoka kunyauka, unene kama penseli. Hapo si laini sana wala halijawa gumu. Kata sentimita 15, liwe na macho manne au matano, chini kata chini tu ya jicho. Ondoa majani yote ila mawili ya juu. Kwenye kiriba weka mchanga wa mtoni nusu na udongo mwepesi nusu, bila samadi kabisa. Chomeka nusu yake, shindilia kwa vidole, mwagilia, funika na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako. Weka kivulini penye mwanga. Kifuniko cha chupa kifungue mchana kidogo pakianza kunuka uvundo. Wiki nne mpaka nane, na kwa baridi ya Julai zaidi. Usikivute kuangalia kama kimeota! Majani mapya yakitoka bado subiri, kijiti kinaweza kuchipua kwa akiba yake kabla ya kuwa na mizizi. Ukiona mzizi chini ya kiriba ndiyo habari.

Nami nakata Februari na Machi, hewa ina unyevu na joto lipo.

Bint Soweto

Asante dada. Na harufu? Niliunusa wa jirani yangu, ule mfupi, hamna kitu.

Fundi wa Kihesa

Mara nyingi hamna. Huo ndio mwingine wa ukweli usiosemwa. Ile mirefu ya zamani, kama Papa Meilland wa 1963 au Mister Lincoln wa 1964, inanukia mpaka unasimama. Lakini Mister Lincoln unafika kimo cha mtu, na Papa Meilland ubwiri unga unaupenda kuliko mwenyewe. Mfupi wa vichala unakupa rangi na wingi. Anayetaka harufu apande asumini pembeni.

Mama Miche

Wangu mmoja unanukia, ila lazima uinamishe pua asubuhi.

Njombe Baridi

Tuje kwenye kupogolea. Mnapogolea lini? Kila mtu ana lake.

Mama Miche

Mimi Agosti, baridi ikianza kuachia. Kutoka mkasi mpaka ua ni kama wiki sita hadi nane, kwa hiyo Oktoba nyumba inawaka kabla ya mvua. Mfupi siukati sana, naondoa theluthi tu, matawi makavu, yanayosuguana, na membamba kama njiti. Na kila kichala kikinyauka nakata juu ya jani la kwanza lenye vijani vitano, jicho likitazama nje. Ukiacha kinyauke mtini kinafunga tunda, mmea unajua kazi imeisha unapumzika.

Fundi wa Kihesa

Agosti hapo sikubaliani nawe, dada. Agosti ni mwanzo wa vumbi na upepo. Chipukizi mororo linakutana na utitiri na ukame, unamwagilia usiku na mchana. Mimi Iringa nakata mwisho wa mvua, Mei mwanzoni, udongo una maji, maua ya Julai yanakuja meusi kwa baridi kama ulivyosema mwenyewe juu.

Mama Miche

Na ubwiri unga wa Mei je? Umesema mwenyewe unashambulia majani machanga. Unayatoa machanga yote kwa pamoja wakati ule ule!

Fundi wa Kihesa

Ndiyo maana nina salfa.

Mama Miche

Na mimi ndiyo maana nina mpira wa maji. Basi Iringa kateni Mei, Mbeya tukate Agosti.

Mzee wa Mbalizi

Na sisi wa Mbalizi tukate lini?

Mwalimu wa Ramani

Mzee umeanza kupanda?

Mzee wa Mbalizi

Mama watoto ameusoma uzi kwenye simu yangu.

Bint Soweto

Tukiwa kwenye wadudu, wangu una vidudu vya kijani vimejaa shingoni kwa tumba, na sisimizi wanapanda na kushuka.

Fundi wa Kihesa

Vidukari, wengine wanawaita wadudu mafuta. Sisimizi wanakula utamu wanaoutoa, wanawalinda. Kwa miwaridi minne huhitaji dawa ya duka. Asubuhi wapige kwa maji ya mpira kwa nguvu, wakianguka wengi hawarudi. Wakizidi, maji ya sabuni ya mche kidogo, piga hasa chini ya majani, baadaye suuza. Ukiona kila wiki wanarudi punguza mbolea ya kukuzia. Urea na CAN nyingi zinatoa majani mororo, na vidukari ndicho wanachotafuta. Samadi ya ng'ombe iliyooza mara mbili kwa mwaka inatosha, na kiganja cha mbolea ya NPK mvua zikianza. Samadi ya kuku ikae miezi ioze kabisa, mbichi inaunguza mizizi.

Ukitaka dawa hasa, tuna pareto yetu, lile ua linalotengenezewa dawa ya wadudu. Zao la milima hii hii, kiwanda kipo Mafinga. Dawa yake inaisha nguvu upesi juani, kwa hiyo piga jioni, na jioni nyuki wameshalala. Maana inaua nyuki pia, isiwadanganye kwamba imetoka kwenye ua.

Njombe Baridi

Na majani yanayopauka kama yamemwagiwa vumbi la dhahabu, kiangazi?

Fundi wa Kihesa

Geuza jani, utaona utando mwembamba. Utitiri. Unapenda vumbi na ukavu, na nyumba za kando ya barabara ya vumbi zinaupata sana. Dawa nyingi za wadudu haziuui, tena zinaua wale wanaoula, unabaki umeufuga. Osha majani upande wa chini kwa maji asubuhi, kila siku mbili tatu. Asubuhi, ili jani likauke, tusimrudishe yule wa Tukuyu kwenye madoa.

Mama Miche

Na kuhusu maji kwa ujumla: kiangazi ndoo ya lita kumi kwa shina lililokomaa mara mbili kwa wiki, taratibu, chini ya shina. Ni bora kuliko kikombe kila jioni. Kikombe kinalowesha juu tu, mizizi inapanda juu kufuata maji, jua la Oktoba linaikuta huko.

Swali lililokuja PM, kwa ujumbe wa faragha: maua yanaanza mekundu mazito halafu yanaishia zambarau iliyofifia, je ni ugonjwa? Hapana, ni uzee. Maji ya ndani ya petali yanabadilika uchachu, rangi inahama. Kata kile kichala, usisubiri.

Mvua za Tukuyu

Na watoto? Nina wa miaka mitatu.

Mama Miche

Ndiyo sababu nyingine ya kutopanda mlangoni. Mwiba wa mwaridi mfupi uko usawa wa uso wa mtoto huyo. Acha hatua moja kutoka njia wanayokimbilia, na mbele yake panda kitu laini cha kuzuia mguu, mimi nimepanda kitunguu majani. Dawa zote fungia, hata salfa. Na ukipiga chochote, hao wanaochuma petali za kuchezea wasiguse siku hiyo.

Kijana wa Kabwe

Mama, vipandikizi vya ile yako vinapatikana? Nalipa, na boda nalipa.

Mama Miche

Hela weka. Vya kukata Machi nitavitoa bure kwa kubadilishana. Nahitaji ile nyeupe ya vichala, fupi, mwenye nayo Forest au Uyole aniambie. Viriba uje navyo mwenyewe, na uje asubuhi, sikati jua likishakuwa kali.

Fundi wa Kihesa

Nyeupe ninayo mimi. Kuna jamaa anapanda basi la Mbeya Ijumaa, nitavifunga kwenye gazeti bichi. Ila na mimi nataka ule wako unaonukia.

Mama Miche

Njoo PM tupange stendi.

Njombe Baridi

Basi hilo halipiti Makambako?